Shafali Verma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miaka yake ya mwanzo

Tangu India ichukue Kombe la Dunia la wanawake mwezi Novemba 2025, jina la Shafali Verma limewafikia hata watu wasiofuatilia kriketi, na maswali yao yanafanana. Majibu haya yanahusu zaidi miaka yake ya mwanzo, kuanzia utotoni Rohtak hadi kikosi cha vijana cha 2023. Yaliyofuata nimeyagusa mwishoni, kwa sababu kila anayeuliza habari za mwanzo hutaka pia kujua safari imefika wapi.

## Ya msingi

Shafali Verma ni nani?

Ni mpigaji wa timu ya taifa ya wanawake ya India. Alizaliwa tarehe 28 Januari 2004 mjini Rohtak, jimbo la Haryana, kaskazini mwa India. Kazi yake ni kufungua dimba: yeye na mwenzake ndio wanaotangulia uwanjani timu inapoanza kupiga, mpira ukiwa bado mpya na mgumu na warushaji wakiwa na nguvu zao zote. Anapiga kwa mkono wa kulia, na sifa yake kubwa ni kwamba haisubiri mechi impe ruhusa. Mpira wa kwanza ukiwa mbovu, anaupeleka nje ya uwanja.

Alianza kuichezea India akiwa na miaka 15. Akiwa na 16 alikuwa namba moja duniani kati ya wapigaji wa T20. Siku moja baada ya kutimiza miaka 19 alinyanyua kombe la dunia la vijana akiwa nahodha.

Mimi ni mgeni wa kriketi. Nielewe nini kwanza ili nifuate majibu haya?

Mambo machache yanatosha. Timu moja inapiga na nyingine inarusha na kudaka, kisha wanabadilishana. Mpigaji hukusanya mikimbio: akikimbia hadi upande wa pili anapata 1, mpira ukifika kamba ya mpaka baada ya kugusa ardhi ni 4, na ukipita juu kwa juu ni 6. Ova moja ni mipira 6 halali. Mpigaji akitolewa, ndiyo wiketi imeanguka, na zamu yake imeisha.

Aina za mechi ni tatu. T20 ina ova 20 kwa kila upande na inaisha ndani ya saa chache. Mechi ya siku moja ina ova 50. Testi huchezwa siku kadhaa, na kila timu hupiga mara mbili. Shafali alianzia T20 na akang'aa upesi. Kwenye mechi za siku moja aliteseka kwa muda mrefu, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha maswali mengi hapa chini.

Wasomaji wa Kenya wenye umri wa kukumbuka nusu fainali ya wanaume ya 2003 mjini Durban, Kenya dhidi ya India, hawahitaji somo hili.

Familia yake ni ya wanamichezo?

Si wanamichezo wa kulipwa. Baba yake ana duka dogo la vito Rohtak. Aliipenda kriketi sana ujanani lakini hakupata njia ya kuicheza kwa kiwango cha juu, na ndiye aliyewafundisha watoto wake kushika gongo. Haryana ni jimbo linalojulikana kwa mieleka na ndondi, na limetoa wanamieleka wengi wa kike waliofika mbali. Kwa hiyo mtoto wa kike mwenye nguvu hakuwa jambo geni pale. Kilichokuwa kigeni ni mtoto wa kike mwenye gongo la kriketi.

## Utoto wa Rohtak

Ni kweli alikatwa nywele ili aonekane mvulana?

Ni kweli, na yeye na baba yake wamelisimulia hadharani mara nyingi. Alipotaka kujifunza rasmi, mji mzima haukuwa na kituo cha kriketi kilichokuwa tayari kupokea msichana. Baba alizunguka kwenye vituo akarudishwa. Mwishowe akamkata nywele kama za wavulana, akamwandikisha.

Hapa nataka kusema jambo ambalo habari nyingi hulipita haraka. Mkasa huu hupendwa kwa sababu una utamu wa hadithi, na watu huutaja kana kwamba ulikuwa ujanja wa kufurahisha. Haukuwa hivyo. Ni ushahidi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2010, katika nchi tajiri kuliko zote kwa kriketi, mtoto wa kike alihitaji kujificha ili afundishwe mchezo ambao mvulana yeyote angepokelewa mlangoni kwa jina lake. Shafali alipita. Wangapi hawakuwa na baba wa namna ile? Hao hatuwezi kuwataja kwa sababu hatukupata kuwaona.

Baadaye alijiunga na akademi ya Shri Ram Narain hapo hapo Rohtak, na huko hakuhitaji tena kujificha.

Na kile kisa cha kucheza badala ya kaka yake?

Nacho ni cha kweli kwa mujibu wa familia yenyewe. Kaka yake aliugua wakati wa mashindano ya wavulana wa chini ya miaka 12 mjini Panipat. Shafali alikuwa na miaka tisa hivi, nywele zake zilikuwa tayari fupi, akaingia uwanjani kwa nafasi ya kaka. Hakuna aliyegundua.

Kucheza na wavulana kulimsaidia au kulimchelewesha?

Kulimsaidia, na ukimtazama akicheza utaona namna gani. Aliyezoea kurushiwa mpira na wavulana wakubwa kuliko yeye hujifunza mambo mawili upesi: kutoogopa mpira wa kasi, na kutumia kila chembe ya nguvu aliyonayo. Shafali alipoingia kriketi ya wanawake alikuta mipira inayomfikia kwa kasi ndogo kuliko ile aliyoizoea. Alikuwa na sehemu ya sekunde ya ziada ya kuamua, na kwa mpigaji hiyo ni hazina.

Lakini kila faida ina upande wa pili. Mtu anayeweza kuvusha karibu kila mpira juu ya vichwa vya wadakaji hana haraka ya kujifunza kuutuliza chini. Deni hilo alikuja kulilipa baadaye. Tazama swali kuhusu mechi za siku moja.

Tendulkar anahusikaje na utoto wake?

Mwezi Oktoba 2013 Sachin Tendulkar alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi ya Ranji, mashindano ya majimbo ya India, akiichezea Mumbai dhidi ya Haryana. Mechi ilipangwa Lahli, kijiji kilicho jirani kabisa na Rohtak. Mchezaji mkubwa kuliko wote nchini akaja kuagana na mashindano hayo kwenye uwanja wa mashambani, na akawapa walichokifuata: alimaliza na mikimbio 79 bila kutolewa, Mumbai ikashinda.

Shafali alikuwa na miaka tisa, na baba yake alimpeleka kutazama. Amesema mara nyingi kwamba umati ule ndio uliomfanya aichukulie kriketi kwa uzito. Miaka sita baadaye alivunja rekodi ya mtu huyo huyo.

Aliacha shule?

Hapana. Alikuwa bado mwanafunzi wakati dunia inamjua, na alifanya mitihani ya darasa la kumi akiwa tayari mchezaji wa taifa. Mwaka 2023 alifaulu mtihani wa darasa la kumi na mbili akiwa na zaidi ya asilimia 80, na furaha yake aliiweka wazi mtandaoni.

## Kuingia timu ya taifa

Mtoto wa miaka 15 aliingiaje timu ya wakubwa?

Kwa mikimbio, na kwa nafasi iliyofunguka wakati mwafaka.

Msimu wa 2018/19 aliichezea Haryana kwenye mashindano ya T20 ya majimbo, akapiga 128 kwa mipira 56 dhidi ya Nagaland. Nagaland haikuwa timu ngumu, lakini mwendo ule uliwafanya wachaguzi waulize jina. Mwezi Mei 2019 akaitwa kwenye Women's T20 Challenge mjini Jaipur, mashindano mafupi ya timu tatu yaliyowakutanisha nyota wa India na wa kigeni. Alichezea Velocity chini ya nahodha Mithali Raj.

Kisha, mwanzoni mwa Septemba 2019, Mithali mwenyewe alistaafu T20 ya kimataifa. India ilikuwa inatafuta wapigaji wa mwendo mkali kwa ajili ya Kombe la Dunia la T20 lililokuwa miezi michache mbele, na Shafali akachukuliwa.

Mechi yake ya kwanza ilikuwaje?

Mbaya. Tarehe 24 Septemba 2019 mjini Surat, dhidi ya Afrika Kusini, alitolewa bila mkimbio hata mmoja. India ilishinda kwa mikimbio 11, naye hakuwa na mchango wowote kwa gongo. Alikuwa na miaka 15 na siku 239, mdogo kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kuiwakilisha India kwenye T20 hadi siku hiyo.

Muhimu ni kilichofuata: hawakumweka benchi. Kabla mfululizo ule haujaisha alipiga 46, na alifika huko kwa namna ile ile ya kupiga iliyomwangusha siku ya kwanza.

Rekodi ya Tendulkar aliyoivunja ni ipi hasa?

Ni ya Mhindi mwenye umri mdogo zaidi kufikisha mikimbio 50 katika mechi ya kimataifa, wanaume na wanawake wote pamoja. Tendulkar aliiweka mwaka 1989 nchini Pakistan akiwa na miaka 16 na siku 214, ikakaa miaka 30.

Tarehe 9 Novemba 2019, uwanja wa Gros Islet kisiwani St Lucia, Shafali alipiga 73 kwa mipira 49 dhidi ya West Indies. Umri: miaka 15 na siku 285. Yeye na Smriti Mandhana, mwenzake wa kufungua dimba, walijenga mikimbio 143 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka. Watu wakadhani ni bahati ya siku moja, lakini siku iliyofuata alipiga 69 kwa mipira 35 bila kutolewa, na mwisho wa mfululizo akachaguliwa mchezaji bora.

Je, ndiye Mhindi mdogo kuliko wote kucheza kimataifa?

La, na kosa hili linajirudia sana. Rekodi yake ya kuanza mapema ilihusu T20 peke yake. Gargi Banerji aliichezea India mechi ya siku moja katika Kombe la Dunia la mwanzoni mwa 1978 akiwa na miaka 14. Wanawake wa zama zile walicheza karibu bila malipo na bila kamera, ndiyo maana majina yao yanasahaulika. Tusiwafute kwa kumsifu mwingine.

## Kombe la Dunia la T20, 2020

Alifanya nini Australia?

Alibeba timu hadi fainali. Katika mechi nne za makundi alipiga 29 dhidi ya Australia, 39 dhidi ya Bangladesh, 46 dhidi ya New Zealand na 47 dhidi ya Sri Lanka. Ukizisoma namba hizi bila kutazama mipira, utashangaa kelele zilikuwa za nini, maana hakuna 50 hata moja. Siri ni mwendo. Zile 39 zilichukua mipira 17, zile 29 mipira 15. Kwa mashindano yote alikuwa na wastani wa mikimbio zaidi ya 158 kwa kila mipira 100. India ilishinda mechi zote nne, na nusu fainali dhidi ya England ilipoharibiwa na mvua Sydney, ikapita kwa sababu iliongoza kundi.

Kwenye T20, mpigaji wa kwanza akikupa mikimbio 40 ndani ya ova tano, amewapa wenzake nafasi ya kupumua kwa ova 15 zilizobaki. Thamani hiyo haionekani kwenye orodha ya waliofikisha 50.

Ni kweli alifika namba moja duniani?

Ndiyo. Mwanzoni mwa Machi 2020, akiwa amecheza mechi 18 tu, alimpita Suzie Bates wa New Zealand kileleni mwa orodha ya wapigaji wa T20. Kabla yake ni Mhindi mmoja tu wa kike aliyewahi kukalia kiti hicho, Mithali Raj. Hakukaa muda mrefu: baada ya fainali Beth Mooney wa Australia alipanda juu, naye akashuka.

Kwa nini watu huitaja fainali ile kwa masikitiko?

Kwa sababu ilimwendea vibaya mara mbili, mbele ya watazamaji 86,174 waliojaa Melbourne tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani.

Katika ova ya kwanza kabisa Alyssa Healy wa Australia aliinua mpira kuelekea alikosimama Shafali. Ulimponyoka. Healy alikuwa na mikimbio 9. Aliendelea hadi 75 kwa mipira 39, Mooney akaongeza 78, na Australia ikaandika 184. Zamu ya India ilipofika Shafali alitolewa kwenye ova ya kwanza akiwa na 2. India iliishia 99. Kamera zilimfuata akilia, na mwenzake Harleen Deol akimshika bega.

Wapo waliomtupia lawama, na bado wapo. Mimi naona ni uonevu. Timu iliyopigwa kwa mikimbio 85 haikuangushwa na mdako mmoja, na wapigaji wazoefu waliomfuata uwanjani nao hawakufika mbali. Zaidi ya yote, aliyeponyokwa na mpira ule alikuwa na miaka 16, na bila mikimbio yake 161 ya makundi India isingekuwa Melbourne siku hiyo. Lawama ya haki humtazama mtu kwa mashindano mazima.

## Testi na mechi za siku moja

Mpigaji wa fujo kama huyu alifanikiwaje kwenye Testi?

Swali zuri, kwa sababu wengi walitabiri angeshindwa. Juni 2021 wanawake wa India walicheza Testi yao ya kwanza tangu 2014, dhidi ya England mjini Bristol. Shafali, mwenye miaka 17, alipiga 96 na 63 na kuchaguliwa mchezaji bora wa mechi iliyoisha kwa sare. Yeye na Mandhana walijenga 167 kabla ya wiketi ya kwanza.

Sababu zipo. Kwenye Testi wadakaji wengi hukaa karibu na mpigaji wakitafuta mpira uliokwaruza gongo, hivyo uwanja wa nyuma unabaki mtupu. Kwa mtu asiyeogopa kupiga juu, huo ni mwaliko. Tena hakuna ova zinazoisha. Hakuna kinachomlazimisha kupiga mpira mzuri. Alichagua ya kupiga na akaiacha mingine, jambo ambalo T20 haikuwahi kumtaka alifanye.

Alitolewa akitafuta kufikisha mia kwa mpira wa juu. Akiwa na 96 wengi wangejikunyata na kuokota mkimbio mmoja mmoja. Yeye alipiga alivyokuwa amepiga tangu mwanzo.

Basi kwa nini mechi za siku moja zilimsumbua?

Kwa sababu ndizo zinazoadhibu udhaifu wa kati. Alizianza Juni 2021, wiki moja na kidogo baada ya Bristol, na tangu mwanzo England walimrushia mipira mifupi inayoinuka kuelekea kifuani. Wadakaji waliwekwa mbali, kwenye sehemu zile zile anazozipenda. Kila timu iliyofuata ikanakili mpango huo.

Kombe la Dunia la 2022 New Zealand lilionyesha hali yake yote. Alianza na sifuri dhidi ya Pakistan, akaondolewa, akarudishwa, kisha akapiga 42 dhidi ya Bangladesh na 53 za haraka dhidi ya Afrika Kusini kwenye mechi ambayo India ilipoteza kwa mpira wa mwisho na kuaga mashindano. Alikuwa na miaka 18. Alilazimika kujifunza ufundi wake hadharani, mbele ya mamilioni, wakati wenzake wa umri ule hukosea kwenye viwanja visivyo na kamera. Hiyo ndiyo gharama ya kuitwa mapema, na wanaoshangilia rekodi za umri ni nadra kuihesabu.

## Nahodha wa vijana, 2023

Kwa nini mchezaji wa taifa alirudi kucheza na vijana?

Kwa sababu umri ulimruhusu. Baraza la kriketi la dunia, ICC, lilianzisha Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 19 kwa mara ya kwanza Januari 2023, Afrika Kusini, timu 16. Shafali alikuwa ameshacheza zaidi ya mechi 50 za T20 na wakubwa, na bado alikuwa na umri halali. India ikampa unahodha. Richa Ghosh, mwenzake wa timu ya wakubwa, naye alishuka.

Kulikuwa na manung'uniko kwamba si haki kuwapanga nyota dhidi ya watoto. Kwa kanuni hakukuwa na kosa lolote. Kwa wasichana wa kikosi chake, wengi wao wakitoka miji midogo na vijiji, kuwa na nahodha aliyekwisha kusimama Melbourne kulikuwa na faida isiyopimika.

Mashindano yalikwendaje?

Mechi ya ufunguzi dhidi ya wenyeji alipiga 45 kwa mipira 16, na ndani yake kuna ova moja aliyoipiga 4 mara tano mfululizo kisha akamalizia na 6. Dhidi ya Falme za Kiarabu alipiga 78 kwa mipira 34. Baada ya hapo gongo lake lilitulia, na aliyebeba timu alikuwa Shweta Sehrawat, aliyemaliza na mikimbio 297.

Fainali ilichezwa Potchefstroom tarehe 29 Januari, siku moja baada ya Shafali kutimiza miaka 19. Warushaji wa India, wakiongozwa na Titas Sadhu, waliibana England ikaishia 68. India ilifika huko ikiwa imepoteza wiketi tatu tu. Lilikuwa kombe la kwanza la dunia kwa kriketi ya wanawake ya India ya ngazi yoyote, baada ya fainali kadhaa za wakubwa zilizopotea. Nahodha alilia tena mbele ya kamera.

Afrika Mashariki ilikuwepo?

Ilikuwepo, na watu wetu wengi hawajui. Rwanda ilifuzu kupitia michuano ya Afrika na ikaenda kwenye mashindano yale yale. Haikukutana na India, lakini iliifunga Zimbabwe, siku ambayo Henriette Ishimwe aliangusha wiketi nne kwa mipira minne, na kisha ikaifunga West Indies. Nahodha wao alikuwa Gisele Ishimwe. Anayependa kuona kriketi ya wanawake karibu na nyumbani afuatilie mashindano ya Kwibuka yanayofanyika Kigali kila mwaka, ambako Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania hukutana.

## Pesa na ligi

Alinunuliwa kwa bei gani?

Wiki mbili baada ya Potchefstroom, tarehe 13 Februari 2023, ulifanyika mjini Mumbai mnada wa kwanza wa Women's Premier League, ligi ya T20 ya India ambayo timu zake hununua wachezaji kwa mnada. Delhi Capitals walimchukua kwa rupia milioni 20. Mandhana ndiye aliyeongoza, kwa rupia milioni 34.

Mechi ya kwanza ya Delhi alipiga 84, yeye na Meg Lanning wakijenga 162. Siku chache baadaye dhidi ya Gujarat alipiga 76 kwa mipira 28, na Delhi ikamaliza kazi ya mikimbio 106 kwa ova saba na mpira mmoja, bila wiketi kuanguka. Kabla ya hapo alikuwa ameshaonja ligi za nje mwaka 2021: Birmingham Phoenix ya England na Sydney Sixers ya Australia.

Je, wanawake wa India sasa wanalipwa sawa na wanaume?

Ada ya mechi, ndiyo. Oktoba 2022 bodi ya kriketi ya India ilitangaza ada sawa kwa kila mechi ya taifa: rupia milioni 1.5 kwa Testi, 600,000 kwa mechi ya siku moja, 300,000 kwa T20. Mikataba ya mwaka na bei za mnada bado ziko mbali sana. Anayesema "wanalipwa sawa" bila kuongeza hilo amesema nusu.

## Baada ya miaka ya mwanzo

Ni kweli aliachwa kwenye timu?

Ndiyo. Mwishoni mwa 2024 aliondolewa kwenye kikosi cha mechi za siku moja, na Kombe la Dunia la 2025, lililochezwa India na Sri Lanka, lilianza bila yeye. Hata hivyo miezi michache kabla ya kuondolewa, Juni 2024, alikuwa amepiga 205 kwenye Testi dhidi ya Afrika Kusini mjini Chennai, akifikisha 200 kwa mipira 194, haraka kuliko mwanamke yeyote kabla yake. Yeye na Mandhana walijenga 292 siku hiyo. Tofauti ya aina za mechi niliyoieleza juu haikuwa imekwisha.

Alirudije hadi akawa bora wa fainali?

Pratika Rawal, aliyekuwa anafungua dimba na Mandhana, aliumia kifundo cha mguu mechi ya mwisho ya makundi. Shafali akaitwa. Nusu fainali dhidi ya Australia alipata 10 tu. Fainali, tarehe 2 Novemba 2025 Navi Mumbai, alipiga 87 kwa mipira 78, kisha nahodha Harmanpreet Kaur akamkabidhi mpira ingawa si mrushaji wa kawaida, naye akaangusha wiketi mbili: Suné Luus na Marizanne Kapp. India ilishinda kwa mikimbio 52.

Sijawahi kumwona akicheza. Nianze na ipi?

Wengi watakuambia fainali ya 2025. Mimi ningekupeleka Bristol 2021, zile 96. Fainali inaonyesha mtu aliyekwisha kupikwa na kushindwa, na ukiianza hiyo hutajua alipitia wapi. Bristol utamwona msichana wa miaka 17 akiacha mpira mzuri upite, akipiga mbovu, akiacha tena. Ukimaliza, tafuta ile ova ya Afrika Kusini ya Januari 2023 (tazama swali kuhusu mashindano ya vijana). Haichukui hata dakika tano. Muhtasari wa mechi nyingi za kimataifa hupatikana bure kwenye chaneli za bodi za kriketi na za ICC.